Namba Mbili Mpaka Juu

Katika kikosi cha kuchimba visima dizeli ilikuwa na kazi mbili, na kila lita iliyochomwa barabarani ilikuwa lita iliyokosekana kisimani. Kompresa ndiyo iliyosukuma hewa chini ya shimo ili kokoto na vumbi la mwamba vipande juu. Ina injini yake yenyewe, na injini hiyo ikizimika kwa kukosa mafuta wakati shimo limeshafika mita 40, kila kilichokuwa njiani kupanda hurudi chini, na bomba la kuchimbia linaweza kunasa humo humo. Kwa hiyo mapipa tuliyopakia Morogoro yalikuwa na hesabu yake kabla hatujawasha gari: haya ya kutufikisha, haya ya kuchimbia, haya ya kurudia.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Mimi nilikuwa utingo, na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikakabidhiwa logibuku: kilomita za kuondokea, kilomita za kufikia, lita zilizotiwa, sahihi. Gari letu lilikuwa Land Cruiser pikapu ya aina ya HZJ75, yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo. Toyota walianza kuifunga injini hiyo mwaka 1990, na hadi leo barabara zetu zimejaa magari yanayotembea nayo. Nyuma tulikokota tela la kompresa lililozidi tani moja na nusu, pana, refu kwenda juu, limenyooka mbele kama kabati. Juu ya pikapu tulipakia mabomba, vifaa, mapipa na sisi wenyewe. Tukiwa tumejaa tulikaribia tani tano.

Dereva wetu alikuwa mzee wa Kilosa aliyejifunzia udereva kwenye malori ya Bedford. Tulimwita Mzee, basi. Hakuwa mtu wa kuhubiri habari za mafuta. Gari lile halikuwa na mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini, na wala hakuutafuta. Aliisikiliza injini kwa sikio, na mkono wake wa kushoto ulikaa karibu na gia si kwa kupumzika bali kwa kupima. Aliweka ncha za vidole viwili tu juu ya kirungu cha gia. Injini ikizidiwa, fimbo ile hutetemeka mtetemo mzito, wa kukata kata, hadi kirungu kinagonga kiganja. Ikiwa pale inapotakiwa, mtetemo unakuwa mwembamba na wa haraka, kiasi kwamba vidole vinahisi joto kuliko kutikisika. Alinishikisha mara moja, kwenye kilima cha Iyovi, bila kusema neno. Nilishika gari likiwa namba nne, kirungu kikagonga. Akashusha namba tatu, kikatulia. Akanitazama kuona kama nimeelewa.

Madereva wengi wa karakana yetu waliamini kinyume chake. Imani yao ilikuwa nyepesi na yenye mantiki ya juu juu: gia kubwa hufanya injini izunguke polepole, injini inayozunguka polepole hunyunyiza mafuta mara chache, kwa hiyo ng'ang'ania gia kubwa mpaka gari lishindwe kabisa. Gari likiwa tupu, barabara ikiwa tambarare, wako sahihi, na Mzee mwenyewe alifanya hivyo hivyo tukiwa tumeacha tela. Ila mzigo hubadilisha mambo. Ukiwa namba nne mlimani na mizunguko imeshuka chini ya 1,500, utakanyaga mafuta hadi sakafuni. Pampu itatoa dizeli yake yote kwa kila pigo la pistoni, lakini dizeli hiyo haichanganyiki vizuri na hewa, wala haiungui yote. Sehemu yake inatoka kwenye eksozi ikiwa moshi mweusi. Moshi ule ni mafuta uliyonunua. Tulipofuata gari la wenzetu kupanda kilima tungeweza kukisia, kwa rangi ya moshi tu, nani ataishiwa kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawakulifikiria, nalo lilinishangaza nilipoliona kwa macho yangu kwenye geji. Feni na pampu ya maji ya injini ile huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Injini ikikokota kwa mizunguko michache, feni nayo inazubaa, maji yanatembea kivivu, na hapo ndipo joto linapozalishwa kwa wingi. Mshale unapanda. Ukishusha gia, injini inapiga kelele zaidi, abiria wanadhani unaiumiza, kumbe mshale wa joto unaanza kurudi. Vichwa vya silinda vilivyopasuka karakanani kwetu vingi vilikuwa vya magari yaliyopandishwa milima kwa gia kubwa na madereva waliodhani wanayahurumia.

Mlima Kitonga ndipo mambo haya yote yalipokutana. Ukitoka Mikumi unapita Iyovi, unashuka bonde la Ruaha, joto linakupokea, mibuyu imesimama pande zote. Pale Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa kando ya barabara kwa madebe na nyavu. Mzee alisimama hapo kila tulipopita. Hakununua vitunguu mara zote. Alisimama ili injini na tela vipumzike, azunguke magurudumu yote akigusa vitovu kwa mgongo wa mkono kuona kama kuna beringi au breki iliyopata moto, na atazame mlimani ni malori gani yanapanda. Kama lori lililojaa limetangulia punde tu, alisubiri. Kijana mwenye haraka angesema tunapoteza muda. Lakini lori lenye shehena hupanda Kitonga kwa mwendo wa mtu anayekimbia, na ukilifikia kwenye kona utalazimika kushuka hadi mwendo wake, na pale mwendo wako wote uliougharimia kwa dizeli unaishia kwenye breki.

Tulipoanza kupanda alikuwa namba tatu. Kabla ya kona ya kwanza kali, gari likiwa bado lina nguvu na halijalalamika, alishusha namba mbili. Nilimwuliza kwa nini anashusha mapema hivyo wakati tatu bado inavuta.

"Mwanangu, usingoje mlima ukudai gia. Ulipe mapema."

Maana yake niliielewa siku niliyopanda na dereva mwingine. Yeye alingoja. Tatu ikafa katikati ya mwinuko, akakanyaga klachi, na katika muda mfupi ule ambao injini imetengana na magurudumu, tani tano zikavutwa nyuma na mlima. Alipoachia klachi kwenye namba mbili mwendo ulikuwa umeshuka kiasi kwamba hata hiyo mbili haikutosha, akatafuta namba moja, gari likasimama. Kuliondoa tena gari lililosimama na tela mlimani kunakula mafuta na klachi kuliko kilomita kadhaa za kupanda bila kusimama. Mzee alikuwa na njia yake kwa dharura kama hiyo, lori likiharibika mbele yetu na kutufungia njia. Aliacha loki za magurudumu ya mbele zikiwa wazi, kisha akavuta mkono mdogo wa gia na kuuweka kwenye gia ya chini. Kwa namna hiyo alipata nguvu karibu mara mbili bila kuzungusha ekseli ya mbele kwenye lami, na gari likaondoka taratibu bila klachi kunuka. Alifanya hivyo kwa mita chache tu, akijua kwamba ekseli ya nyuma peke yake ndiyo inayobeba adhabu yote.

Namba mbili, kilomita 30 kwa saa, mpaka juu. Hivyo ndivyo tulivyopanda Kitonga kila mara, hatukuongeza wala kupunguza. Tukifika Ilula na nyanya zake, hewa imeshakuwa baridi na nyepesi. Injini isiyo na tabo huihisi hewa hiyo. Kwa kila mita 1,000 za kupanda hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake, kwa kuwa inavuta hewa pungufu kwa kila pigo. Mzee hakuwa na tarakimu hiyo, lakini kutoka Ilula kwenda Iringa alikanyaga kidogo zaidi na kushusha gia mapema zaidi kuliko alivyofanya kwenye vilima vya Morogoro, na moshi wetu ukabaki kijivu.

Kisha yakaja matairi.

Ofisi ilipata matairi kwa bei nafuu, mapya, imara, yenye kipenyo kilichozidi ya zamani kwa asilimia 10 hivi. Aliyeyanunua alikuwa na hoja: tairi kubwa hufika mbali kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo injini itazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, na mafuta yatapungua. Yalifungwa yote manne, spea ikaachwa ya zamani. Gari likainuka, likapendeza. Baada ya miezi michache logibuku yangu ikaanza kusema maneno mabaya. Awali, tukiwa na tela, gari lilitupa kilomita 6 kwa lita, wakati mwingine chini yake kidogo. Sasa lilitupa 5 na pointi mbili. Kwa kila lita 100, kilomita 80 zilikuwa zimepotea.

Ofisini hesabu hiyo ilisomwa kwa njia moja: Mzee anauza dizeli. Wakati ule tuhuma ya namna hiyo haikuhitaji ushahidi mwingine. Madereva walionyonya mafuta kwa mpira na kuyauza kwenye vichochoro walikuwepo, kila mtu aliwajua, na mtu mwaminifu alihesabiwa pamoja nao mpaka athibitishe vinginevyo. Aliitwa, akaulizwa, akapewa barua ya kujieleza ndani ya siku chache. Alirudi karakanani akakaa kwenye benchi la fundi, barua mkononi. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Mambo ya kiinua mgongo yalikuwa yanategemea faili safi. Nilikuwa na hasira ambayo sijui kama niliwahi kuwa nayo tena kwa jambo la kazini, kwa sababu kalamu iliyomshitaki ilikuwa yangu. Namba zile niliziandika mimi, na zilikuwa za kweli.

Mimi na fundi tulianza na chaki. Tuliweka alama kwenye ubavu wa tairi jipya pale linapogusa sakafu, na alama nyingine sakafuni chini yake. Tukasukuma gari mpaka alama ya tairi ikarudi chini, tukapiga alama ya pili, tukapima kwa tepu. Mita 2.7 na zaidi kidogo. Halafu tukafunga spea ya zamani mahali pale pale, uzito ule ule ukiwa juu yake, tukarudia. Mita 2 na nusu kasoro kidogo. Kwa kila mzunguko mmoja, gari lilikuwa linakwenda mbali zaidi kuliko mita ya kilomita ilivyojua, kwa sababu mita ile haihesabu barabara. Inahesabu mizunguko ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, na imepangwa kiwandani kwa tairi la ukubwa mmoja.

Siku iliyofuata Mzee aliliendesha gari kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, fundi na mimi tukihesabu nguzo za kilomita. Tulipomaliza nguzo 50, mita ya gari ilikuwa imesoma 45 na kidogo. Basi zile kilomita 520 zilizoandikwa kwa lita 100 zilikuwa kilomita 570 hivi za barabara. Katika zile 80 zilizopotea, 50 hazikupotea kamwe. Zilitembewa, ila hazikuandikwa.

Zilibaki 30, na hizo zilikuwa za kweli. Kuzieleza kulihitaji tuelewe gari lenyewe. Fundi alikuwa na kitabu cha ufundi cha gari lile, kimechakaa kwa grisi, na humo mlikuwa na uwiano wa kila gia: moja 4.843, mbili 2.618, tatu 1.516, nne 1 kamili, tano 0.845. Difu hakutaka kuiamini kwa maandishi, kwa kuwa magari mengi yalikuwa yamebadilishiwa. Tukainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, la pili likiwa chini limezuiwa kwa mawe, gia ikiwa huru. Mimi nililala chini nikiwa nimeweka mstari wa chaki kwenye propela shafti. Fundi akazungusha lile gurudumu lililo hewani mara mbili kamili, maana gurudumu moja likiwa limeshikwa, mizunguko miwili ya lile jingine ndiyo sawa na mzunguko mmoja wa yote mawili. Mstari wangu ulipita mbele ya macho mara nne na kipande kidogo, kama sehemu moja ya tisa. Uwiano wa 4.11, kama kitabu kilivyosema.

Usiku ule nilikaa na penseli. Kwa tairi la zamani, kilomita 80 kwa saa ni kama mizunguko 540 ya gurudumu kwa dakika. Zidisha kwa 4.11, propela inazunguka mara 2,200 na kitu. Namba nne ni moja kwa moja, nguvu inapita bila kupitia meno ya pembeni, kwa hiyo injini nayo ni 2,200. Nikachukua namba tatu kwa kilomita 50, mwendo ambao Mzee alipenda kuikaa: 2,100. Namba mbili kwa 30, mwendo wake wa Kitonga: karibu 2,200. Namba moja kwa 15: 2,000. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea. Kisha nikafungua ukurasa wa injini kwenye kitabu cha fundi. Nguvu kubwa ya kuzungusha ya 1HZ hupatikana kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika.

Mtu yule hakuwahi kukiona kitabu hicho. Alikuwa ameipata namba ya kiwanda kwa vidole viwili juu ya kirungu cha gia.

Kwa tairi jipya kila kitu kilikuwa kimesogea. Kilomita 30 katika namba mbili zilimaanisha mizunguko pungufu ya 2,000, na nguvu inayoifikia lami ilikuwa imepungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa kuwa tairi refu ni kama kuongeza urefu wa gia zote kwa mkupuo. Vilima vidogo ambavyo zamani namba nne ilivimaliza vikataka tatu. Kwenye kona kali za Kitonga, namba mbili ikaanza kutetemesha kirungu, na Mzee akashuka namba moja, injini ikipiga kelele kwa mwendo wa punda. Namba tano, ambayo kwa kilomita 80 sasa ilizungusha injini mara 1,700 tu, haikufaa kitu na tela nyuma. Hoja ya aliyenunua matairi ilikuwa kweli kwenye karatasi na kweli kwa gari tupu. Ila kwa tani tano, injini iliyopunguziwa mizunguko ilidai ilipwe kwa mafuta kila kilima, na zile kilomita 30 zilikwenda huko.

Tuliandika yote kwenye kurasa tatu, fundi akatia sahihi, nikatia, Mzee akatia ya kwake. Bwana Usafirishaji alizisoma mbele yetu. Nitasema kwa haki kwamba alizisoma kwa makini, na alipofika kwenye nguzo za kilomita aliomba aonyeshwe. Akapanda gari, akahesabu mwenyewe. Barua ya tuhuma ilitolewa kwenye faili wiki ile ile. Matairi ya zamani yalirudi, na logibuku za magari yote zikapigwa mstari wa pili: safari ya tela na safari isiyo na tela, kila moja na hesabu yake. Mpaka hapo magari mawili yaliyofanya kazi tofauti kabisa yalikuwa yanalinganishwa kama ndugu, na dereva wa tela alikuwa mwizi kila mwisho wa mwezi.

Kwa kuwa sasa nilikuwa na hesabu mkononi, Mzee alianza kunijibu maswali ambayo zamani angeyanyamazia. Nilimwuliza habari za namba tano. Akasema anaitumia na tela pale tu ambapo unyayo wake haupiti nusu ya pedeli. Tambarare za Doma, upepo ukiwa nyuma, tano iko sawa na inaokoa. Upepo ukigeuka, au barabara ikianza kupanda kwa kiasi ambacho jicho halioni ila mguu unahisi, anarudi nne. Nadhani hiyo ndiyo kanuni bora kuliko zote nilizowahi kusoma kuhusu jambo hili, na haihitaji chombo chochote.

Lakini akanionya nisiipe gia sifa zote. Hasara kubwa, alisema, ni haraka. Hapo fizikia ya kidato cha nne iko upande wake kabisa. Ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwenda 100, mwendo umeongezeka robo, lakini hewa inakuzuia kwa zaidi ya nusu tena. Pikapu peke yake tayari ni butu. Ukiweka nyuma yake kompresa iliyo pana na ndefu kuliko kichwa cha gari, unakokota ukuta. Kijana aliyekwenda 95 kwa namba tano akijisifu kwamba injini yake haipigi kelele, alifika Iringa nusu saa kabla yetu na pipa lake likiwa pungufu waziwazi. Kuna waliokosea upande wa pili pia, wakikimbia kilomita 75 kwa namba tatu, injini ikizunguka zaidi ya mara 3,000. Huko mafuta yanaliwa na msuguano wa injini yenyewe na feni inayopiga hewa bure. Kati ya makosa haya mawili, la kwanza nililiona mara nyingi zaidi, kwa sababu linaonekana kama ustadi.

La kushuka mlima lilinigusa zaidi, maana liliua watu. Desturi ya kuteremka fri, gia ikiwa huru, ilikuwa imeenea kwa imani kwamba injini iliyoachwa kupumzika haili kitu. Kwa dizeli ile ukweli ni tofauti. Ukiteremka ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye pedeli, gavana ya pampu hukata mafuta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na nozeli hazitoi hata tone mpaka mizunguko ishuke karibu na sailensa. Ukiwa fri, injini haina wa kuizungusha, kwa hiyo lazima ijilishe yenyewe. Aliyeweka fri alikuwa anatumia mafuta zaidi kuliko aliyekaa namba mbili, na juu ya hapo alikuwa amekabidhi tani tano kwa breki peke yake. Tela linaposukuma gari kutoka nyuma kwenye kona, breki zikiwa zimeshapata moto, hakuna ufundi unaosaidia. Mzee aliteremka Kitonga kwa namba ile ile aliyopandia, injini ikilia kwa mizunguko ambayo wakati wa kupanda angeiona ni ya juu mno, na hakujali, kwa kuwa kelele ile haikugharimu kitu.

Alistaafu faili lake likiwa safi. Nami nikawa dereva, na miaka iliyofuata nikakabidhiwa pikapu yenye injini ya silinda sita yenye tabo. Siku ya kwanza nilipanda nayo Iyovi kwa mazoea ya zamani, nikishusha gia kwa mlio nilioujua, na nikagundua kwamba naikosea: injini ya tabo inaanza kuvuta kwa nguvu chini kabisa, hata kabla ya mizunguko 1,500, na kilima kilichotaka tatu kwenye 1HZ hii ilikimaliza kwa nne bila moshi wala mtetemo. Ilinibidi niweke upya vidole kwenye kirungu na kuanza kusikiliza. Upepo, kwa upande wake, haukubadilika. Kwa 80 na kwa 100 mafuta yalitofautiana vile vile.

Vijana wananijia sasa wakiwa wamenunua HZJ75 au HZJ79 mnadani ili wavute tela la mbao kutoka Mafinga au la nyanya kutoka Ilula, na wanauliza dawa ya kupunguza ulaji wa mafuta. Nawaambia wasafishe kichujio cha hewa, wapeleke nozeli kwa fundi pampu, wajaze upepo matairi ya gari na ya tela. Hayo ni ya kawaida. Kisha nawauliza matairi waliyokuta ni saizi gani, na ile iliyoandikwa na kiwanda ni ipi. Wengi hawajatazama. Nawatuma barabara kuu wakahesabu nguzo 50 na kuniletea mita ya gari imesoma ngapi, na mazungumzo ya gia tunayaanzia hapo.